Nyumba Iliyojua Wageni

Tusekile Mwangoka alipiga hodi mara moja tu, na kabla mwenye nyumba hajamjibu, ukuta wa barazani ulishaanza kupata uvuguvugu. Aliusikia kwa mgongo wa kiganja. Yeye alikuwa mkaguzi wa nyumba, na wakaguzi wana tabia hiyo mbovu ya kushika ukuta wa mtu kabla hawajamshika mkono mwenyewe. Watu wa Lwanda Juu walishamsema sana kwa hilo, naye alishazoea kusemwa.

"Karibu, mwanangu. Sukuma tu, haujafungwa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia upesi, usiniletee baridi ya nje. Ya ndani inanitosha."

Huyo ndiye Bi. Mwanamkasi, mjane wa Kitanga, mwembamba, mwenye ulimi usiokaa na njaa. Alikuwa amevaa sweta mbili, juu ya sweta koti la marehemu mumewe, juu ya koti kanga, na kichwani kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Na katika sebule hiyo hiyo, Tusekile alipotoa kipima joto mkobani na kukiweka mezani, kilisoma nyuzi ishirini na mbili. Hilo ni joto la mtu kukaa na fulana akajipepea.

Sasa wewe ungesemaje? Tusekile alisema moyoni kile walichokisema wakaguzi wawili waliomtangulia: mama huyu akili zimeanza kumtoka. Alilisema kwa huruma, lakini alilisema.

Na huruma hiyo ilikuwa na sababu. Ukaguzi wa tatu ndio wa mwisho. Kanuni za makazi zilikuwa wazi: mtu akilalamika kwamba nyumba yake haipashwi joto, na wakaguzi watatu wakakosa kuona kasoro, basi kasoro inahama kutoka kwenye nyumba inakwenda kwa mlalamikaji. Anahesabiwa kuwa hawezi tena kukaa peke yake, anateremshwa Nyumba ya Wazee, bondeni. Bondeni kule kule ambako watu wote hawa walikukimbia jua lilipogeuka adui, wakapanda mlimani na magodoro vichwani. Vijana walioajiriwa kule walikuwa wakivumilia. Wazee walikuwa hawamalizi msimu. Gari la kumchukua Bi. Mwanamkasi lilikuwa limeshaagizwa, lije kesho yake baada ya kikao cha kuamua shauri lake.

"Kaa kiti kile chenye mto," alisema mama.

"Niko kazini, mama. Nikague kwanza."

"Mtu hafanyi kazi nyumbani kwangu amesimama kama askari wa zamu. Kaa, unywe chai, halafu utakagua hata paa."

Alikaa, akanywa, ndipo akakagua. Alifungua kifuniko cha ukutani akatazama mabomba membamba yanayoleta maji ya moto kutoka tumboni mwa mlima. Alisikiliza vali zikifunguka na kujifunga, kila moja kwa wakati wake. Nyumba za Lwanda Juu zilijengwa kwa mbao nyepesi zilizobebwa na nyaya, na moto wa kuni ulipigwa marufuku tangu msitu wa mwisho ulipoungua, kwa hiyo mabomba hayo ndiyo yalikuwa uhai wa watu. Aliyeyaendesha ni Mwali. Ndivyo walivyoiita mashine ile iliyokaa kituo cha mvuke na kuamua nani apate joto, lini, kiasi gani. Mwali hakuwa na uso wala sauti. Alikuwa na vali tu, na macho madogo kwenye dari za watu.

Tusekile hakuona kasoro hata ya dawa.

"Mabomba mazima, mama," alisema. "Vali nzima. Na joto unaliona mwenyewe."

"Naliona. Mkija linawaka, mkiondoka linazima." Bi. Mwanamkasi alimtazama bila kupepesa. "Niliwaambia wale wenzio. Mmoja akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia leo ni siku ya yeye kuniheshimu."

"Na mwanao anasemaje?"

"Shamte? Anakuja kila siku siku hizi, kuniangalia. Anakaa hapo ulipokaa, anavua koti, anatokwa na jasho, ananiambia mama mbona kuna joto. Nami nimevaa hivi. Anaondoka analia. Anadhani sioni kwamba analia."

Mama alinyanyuka akaenda jikoni kuandaa viazi, kwa sababu mgeni haondoki na chai tupu. Tusekile alibaki amekodolea kipima joto. Alitamani kione kitu. Ndipo akasikia kisu kikianguka sakafuni. Kikaokotwa. Kikaanguka tena, na mara hii mama akafyonza hewa kwa meno kama mtu aliyejikata.

Tusekile akaenda hadi kizingitini.

"Rudi kwenye kiti," mama alisema bila kugeuka. "Mgeni haingii jikoni kwangu."

"Umejikata."

"Damu kidogo. Vidole havinisikii, basi. Rudi."

Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na vina rangi ya majivu, na damu ilikuwa ikitoka kwenye kidole gumba polepole, kana kwamba nayo inaona baridi. Tusekile hakurudi. Alimfunga kitambaa, akavuta kigoda, akachukua kisu na beseni, akaanza kumenya. Hapo palikuwa na mabishano ya haja. Mama alisema ni aibu. Tusekile akasema aibu ataibeba yeye. Mwishowe mama akakubali, ila si bure.

"Menya, lakini usimenye kwa unene. Viazi vyenyewe vya huku havina mwili."

Wakacheka wote wawili, na Tusekile akaiona pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi.

Mwanzoni hakujali, maana majiko mengi huwa na ubaridi. Akamaliza kiazi, akamaliza kingine. Miguu ikaanza kumuuma. Alipokwenda sebuleni kuchukua koti lake, alipita karibu na meza, na kazi ikamfanya atupe jicho kwenye kipima joto. Nyuzi kumi na mbili. Alikiinua, akakitikisa, akakirudisha. Kumi na moja.

Akashika ukuta. Ulikuwa wa baridi kama mtungi.

"Mama, hebu njoo," aliita, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Niletee chai. Niletee kama mgeni, na sinia."

Mama alimwona mkaguzi amekaa kwenye kiti chenye mto, mgongo wima, mikono mapajani. Pengine alidhani kichaa kinaambukiza. Hata hivyo alileta chai. Alipoiweka mbele ya Tusekile na kusema "karibu", ukuta ulikohoa, maji yakaanza kukimbia ndani yake, na uvuguvugu ukamfikia mkaguzi mgongoni. Tusekile akaacha hadi namba zipande. Kisha akabeba kikombe mwenyewe, akakipeleka jikoni, akakiosha. Maji ukutani yakakatika.

Bi. Mwanamkasi alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, na koti la mumewe likamzunguka.

"Tulimfunda sisi," alisema.

"Nani?"

"Mwali. Unadhani jina lile alipewa na mafundi? Walipomleta hajui kitu. Alikuwa anagawa joto kama anayegawa dawa, mtu na kijiko chake. Wakaita kina mama tuliokuwa makungwi, wakasema tumfundishe adabu za nyumbani, ili watu wamkubali. Tukakaa naye mwezi mzima, tukamfunda kama tunavyomfunda binti. Tukamwambia: anayepiga hodi, akapewa kiti, akaletewa kitu mkononi, huyo ni mgeni, mpe vizuri vyako vyote. Anayeingia jikoni akashika sufuria, huyo ni wa ndani. Wa ndani atavumilia." Alifuta pua kwa pindo la kanga. "Alikuwa mwepesi wa kushika. Tulimpigia vigelegele."

"Na anachokula mgeni kinatoka wapi?"

"Kinatoka kwa mwenyeji. Kingetoka wapi? Mgeni akila nyama, watoto wanalala na mchuzi. Ndivyo tulivyolelewa wote."

Tusekile alielewa, na kuelewa huko kulimchoma. Kila nyumba ilikuwa na mgawo wake wa joto. Mwali alikuwa akiumwaga wote kwa mgeni, kisha anaufidia kwa kumnyima mwenye nyumba akibaki peke yake. Wale wakaguzi wawili walipokuja kumsaidia mama, walimla joto lake. Shamte, kila alipokuja kuhakikisha mama yake hagandi, alimgandisha yeye.

"Mwanangu niliyemzaa," alisema Bi. Mwanamkasi, akihesabu jambo lile lile kwa njia yake. "Tangu aoe hajaingia jikoni kwangu. Anapiga hodi, anakaa, anahudumiwa. Nyumba imemwona mgeni." Na hapo ndipo alipolia, kwa hilo, si kwa baridi.

*

Mhandisi Evarist Haule alikuwa na ofisi nzuri kwenye kituo cha mvuke, na alimpa Tusekile kiti kabla hajakiomba. Tusekile alikataa kukaa.

"Kaa, dada."

"Nikikaa ukuta wako utawaka. Nimeshachoka kuwashiwa."

Haule alikuwa mtu mpole, wa umri wake, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Watu wabaya wangekuwa wanafanana na wabaya, kazi ya ukaguzi ingekuwa nyepesi, lakini Haule alifanana na mtu wa kumwachia watoto.

"Umejuaje?" aliuliza.

Tusekile alikuwa amekuja na maelezo marefu. Yote yakamkauka mdomoni. "Kwa hiyo unajua."

"Tangu mke wangu ajifungue. Shangazi zake walikuja kusaidia, wakajaa jikoni, wanapika uji, wanachemsha maji. Nyumba ikawa barafu, na mtoto mchanga ndani. Nilidhani bomba limepasuka. Nikaja hapa nikakaa na Mwali hadi nikaona anachofanya." Alijikuna shavu. "Nilitaka kumfunda upya siku hiyo hiyo. Halafu nikatazama mlima."

Alimwonyesha ukutani mchoro wa visima vilivyotobolewa ndani ya miamba. Walikuwa wamepima joto la mlima kabla ya kujenga, na walipima vizuri, lakini miamba ilikuwa ikipoa haraka kuliko walivyotegemea. Maji yaliyopanda yalikuwa na moto wa kutosha theluthi mbili ya makazi, na familia zilikuwa zikizidi kupanda.

"Nikimwambia Mwali agawe sawasawa," alisema Haule, "kila mtu atakaa kwenye nyuzi kumi na mbili, mchana na usiku, na kila mtu atajua. Sasa hivi hawajui. Ukienda kwa jirani unakuta joto, unadhani tatizo ni kwako tu, unaona haya kulisema. Unavaa sweta ya pili. Na jioni unakwenda kumtembelea mtu, unapata moto kidogo, unarudi. Watu wa Lwanda Juu wanatembeleana kuliko watu wowote nchi hii. Si jambo baya."

"Na mwenye miguu mibovu ya kutembelea watu?"

Haule aligeuka akautazama mchoro.

"Wewe ndiye uliyewaacha wadhani," alisema Tusekile.

"Nikawaacha. Ndiyo." Alisogea karibu, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, haikuwa ya kutisha. "Unajua sheria ya makazi ya juu. Kasoro ikiwa ya nyumba moja, nyumba moja inafungwa. Ikiwa ya Mwali, wote wanateremshwa hadi itengenezwe. Na hii haitengenezeki, Tusekile, mlima hauongezwi kuni. Wote watashuka. Wewe ulimzika nani kule?"

"Mama."

"Mimi kaka zangu. Basi tunajuana. Nakuomba sentensi moja tu kesho. Hakuna kasoro. Nitamtafutia yule mama chumba chenye feni, nitampigia simu mkuu wa kule mwenyewe. Mtu mmoja."

Tusekile alitaka kumtukana. Lililomuuma ni kwamba hakupata tusi la kumfaa. Alimkumbuka mama yake siku ile ya mwisho, kitambaa kilicholowa kikikauka kwenye paji la uso kabla hajageuka kukichovya tena. Kuna watoto Lwanda Juu ambao hawajawahi kuona mtu akifa kwa joto. Akisema neno moja kesho, wataona.

Aliondoka bila kuaga. Kwake, nyumba ya mkaguzi, chumba kimoja na jiko, alivaa soksi za pili kama alivyofanya kila jioni kwa miaka mitatu. Miaka mitatu alikuwa akijiambia kwamba yeye ana damu nyepesi. Mkaguzi wa joto, nyumba yake inamgandisha, naye kimya, anakufa na tai shingoni, kwa sababu ataanzaje kusema? Alicheka peke yake hadi akajionea huruma.

*

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Bi. Mwanamkasi, kama desturi ilivyotaka, ili mtu asihukumiwe mbali na vitu vyake. Mwenyekiti wa makazi, Mzee Chaula, alikaa kwenye kiti chenye mto. Mama Ambwene, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikaa karibu na dirisha na mkoba magotini. Mhandisi Haule alikaa pembeni. Shamte alisimama hadi alipoambiwa akae, mwanamume mkubwa mwenye mabega ya kubeba mizigo, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

Mama aliwapa kila mmoja chai. Alikuwa amevaa kanga mpya na hakuvaa koti. Alisema hatashuka bondeni amejifunika kama mgonjwa. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba.

Nyumba ilipamba moto. Wageni wote hao, hodi zote hizo, sinia zima la vikombe. Mwali alikuwa akimwaga kila alichokuwa nacho. Mzee Chaula alifungua vifungo vya shati. Mama Ambwene alijipepea kwa kanga.

"Tuseme ukweli wa Mungu," alianza mwenyekiti, "mimi mwenyewe hapa natokwa na jasho. Bi. Mwanamkasi, hakuna anayekuchukia. Shamte, una neno?"

"Sina," alisema Shamte. "Kama ningekuwa na nyumba kubwa, mama angekaa kwangu. Sina. Naogopa nitakuja siku moja nimkute amejifungia, amejivika manguo yote, amekosa hewa. Sina neno lingine."

Mama yake alimtazama, na uso wake ulilainika kidogo, lakini hakumsaidia.

"Mkaguzi," alisema Mzee Chaula. "Tumalize."

Tusekile alisimama. Haule alikuwa akimtazama. Nje, mtu alikuwa akizima injini ya gari. Alijua angeweza kueleza: vali, mgawo, kufundwa, mlima. Wangemsikiliza kwa joto lile mgongoni na wasiamini hata neno. Na pia, kusema kweli, hakuamini kwamba jambo hilo ni lake kulitamka peke yake, wala la Haule kulificha peke yake. Lilikuwa la wenye nyumba.

"Nitasema," alisema. "Lakini kwanza, mama ana viazi jikoni vya kuwaandalia, na mikono yake haiwezi kushika kisu. Mimi nakwenda kumenya. Anayeweza anisaidie, nitasema huko huko."

"Mkaguzi, hiki ni kikao," alisema Mzee Chaula.

"Najua, mzee."

Akaenda. Kisha Mama Ambwene akaweka kikombe chini, kwa maana kuna wanawake ambao hawawezi kubaki wamekaa pakitajwa mwenzao asiyeweza kushika kisu, hata wakijaribu. Akaingia jikoni akijifunga kanga kiunoni, akakamata sufuria.

"Shamte," alisema Bi. Mwanamkasi. "Chota maji."

"Mimi, mama?"

"Una ndugu mwingine hapa anaitwa Shamte?"

Akaja. Aliingia akiinama, kama mtu anayeingia chumba cha wakwe, akasimama katikati asijue ndoo iko wapi. Mama yake akamwonyesha. Mzee Chaula alibaki akinung'unika peke yake kwa muda, kisha, kwa kuwa hakuna mwenyekiti anayeongoza kikao cha mtu mmoja na mhandisi, naye akaja. Alipewa mwiko. Aliushika mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Wakamenya. Tusekile alikuwa amening'iniza kipima joto mlangoni, lakini haikuwa lazima. Mama Ambwene ndiye wa kwanza kuacha kumenya. Alitoa pumzi, akaitazama ikipanda. Akatoa nyingine. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

"Kumbe na kwako ni hivi," alisema polepole.

Bi. Mwanamkasi alinyanyua kichwa. "Na kwako?"

"Tangu mwaka juzi. Nilikuwa nikija hapa nasema, mwenzangu kajaliwa. Nikawa naona haya. Ambwene analala na mimi, tunalala tumevaa viatu. Nilidhani ni laana ya nyumba yangu."

Mzee Chaula alikuwa akiuangalia mwiko. "Mke wangu anasema mimi ni mzee, damu imechoka," alisema.

Shamte alikuwa bado ameshika ndoo. Pumzi yake nayo ilikuwa ikifuka. Alimtazama mama yake, kanga mpya bila koti, midomo iliyoanza kubadilika rangi, kidole gumba kilichofungwa kitambaa. Akaiweka ndoo chini, akavua koti lake, akamfunika.

"Nilikuwa nakuambia kuna joto," alisema.

"Uliliona kweli, mwanangu. Lilikuwa lako."

Hapo Tusekile akasema yote, kwa kifupi, akiendelea kumenya. Wasingeweza kumkatalia, miguu yao ilikuwa ikiwaambia vivyo hivyo. Alisema kasoro ipo, na haiko kichwani mwa mama. Alisema ipo kwenye kila nyumba, na atasema hivyo kwa yeyote atakayemuuliza. Halafu akawaambia sheria inasemaje, na mlima unasemaje, hakuwaficha hilo pia.

"Basi umetushusha wote," alisema Mzee Chaula.

"Sijamshusha mtu, mzee. Nimewaambia mlipo. Mtakaa wenyewe muamue: kugawana hiki kidogo, kuhamia watu wawili watatu nyumba moja, au kushuka. Lakini mtaamua mnajua, na hamtaanza kwa kumshusha aliyesema."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kutoka pale waliweza kumwona Mhandisi Haule sebuleni. Alikuwa amebaki peke yake kwenye kiti, kikombe mkononi. Nyumba nzima ilikuwa imeganda, isipokuwa ukuta ulio nyuma ya mgongo wake. Huo ulikuwa ukinguruma, maji yakikimbia, kwa ajili yake yeye tu. Watu wote walimwona. Naye aliwaona wanavyomwona.

Kisha akasimama, akabeba kikombe chake, akapita kizingiti, akakiosha kwenye beseni. Ukuta wa sebuleni ukanyamaza.

"Kuna kisu kingine, mama?" aliuliza.

Bi. Mwanamkasi alimpima kwa macho kuanzia viatuni. Hakuna aliyejua angesema nini, na pengine hata yeye hakujua.

"Kipo," alisema. "Usimenye kwa unene."

Wakawa wote sita jikoni, wamebanana, mabega yakigusana, na hakukuwa na mgeni hata mmoja katika nyumba ile. Ilikuwa ya baridi kuliko nje.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa. "Hodi wenyewe," iliita sauti ya mwanamume aliyechoka na safari, dereva wa gari la bondeni. "Nimefuata mzigo wangu." Na kabla hajajibiwa, waliusikia ukuta wa barazani ukikohoa, maji yakiamka na kumkimbilia. Visu vilisimama. Shamte aligeukia mlango, mabega yake yote mlangoni, lakini mama yake akamshika mkono.

"Mwache, ni mgeni wa watu," alisema Bi. Mwanamkasi, akavuta koti la mwanawe vizuri, akapaza sauti. "Karibu, baba. Pita huku jikoni."